Barua ya wazi kwa wakubwa wa viwanda: sisi tunaochonga spea za magari ya zamani Kigoma sio gereji

Mheshimiwa Waziri wa Viwanda na Biashara, Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wetu wa Kigoma, wakurugenzi wa halmashauri zote za mkoa, ndugu zetu wa SIDO (shirika la viwanda vidogo), TBS (shirika la viwango), TRA (mamlaka ya mapato) na TEMESA (wakala anayetengeneza magari ya serikali), shikamooni kwa wanaostahili shikamoo na wengine wote habari za kazi.

Naandika kutoka Mwanga hapa Kigoma mjini. Nina karakana ndogo, mashine ya lethi (inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga), drili ya kusimama, mashine ya kuchomelea na vijana wanaojifunza kazi, na tunachotengeneza ni spea za magari ambayo viwanda vyake vilishaacha kuyatoa siku nyingi, Land Rover za zamani ndo nyingi zaidi, alafu Land Cruiser zile za 40, na lori la zamani moja moja likipata mwenye moyo wa kulifufua. Ombi langu ni moja na nalisema mapema: mtutambue kama viwanda vidogo. Kwenye makaratasi tunaandikwa gereji, na matatizo yetu karibu yote yanaanzia hapo.

Fundi gereji namheshimu sana, ndo mteja wangu wa kwanza. Yeye anafungua, anabadilisha, anafunga. Sasa akifungua Land Rover 109 ya mzee kutoka Kasulu akakuta bushi za springi (vile vipande vya mviringo vyenye tundu ambamo pini inapita) zimekwisha na pini za shakoli (kiungio cha springi na chesisi) zimelika upande mmoja mpaka zimekua na umbo la yai, akazunguka maduka yote ya spea mjini akakosa, anakuja kwangu na kile kipande kilichokufa amekifunga kwenye kitambaa. Hapo sina cha kubadilisha maana hakipo. Napima jicho la springi kwa venia (kile kipimo cha vipande vya milimita), napima pini, napima tena sehemu ambayo haijalika ili nijue kiwandani waliitoa na saizi gani, alafu nakata chuma, nafunga kwenye lethi, natoboa, napanua tundu taratibu huku nikipima, mana bushi inatakiwa iingie kwa kubanwa na tofauti inayotakiwa pale ni sehemu chache za mia za milimita moja, ukizidisha haiingii, ukipunguza inaingia kwa mkono na baada ya wiki mbili za barabara ya vumbi inaanza kugonga. Bado nati. Land Rover hizi za zamani nati zake nyingi ni za inchi, na hizo inchi zenyewe meno yake yako aina zaidi ya moja, mtu akichukua nati ya milimita akailazimisha inaenda mizunguko miwili inakaba, anaongeza nguvu, meno yanakatika yote. Kwaiyo tunachonga na nati zake. Tunachonga na bawaba za milango, na pini za usukani, na shafti ndogo za gia boksi, tunakunja na bati za kuziba miguuni kwa dereva pale panapooza kwanza.

Hii ni kazi ya kiwanda. Malighafi inaingia mlango huu, bidhaa inatokea mlango ule.

Na sio mimi ninayejipandisha cheo. Sera ya nchi ya viwanda vidogo na biashara ndogo ya mwaka 2003 imesema wazi kwamba biashara ya ngazi ya chini kabisa ni ya mtu 1 mpaka 4 na mtaji usiozidi milioni 5, na inayofuata, yaani ndogo, ni watu 5 mpaka 49 na mtaji wa milioni 5 mpaka milioni 200. Lethi peke yake, hata iliyotumika, inapita hiyo milioni 5. SIDO imeundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1973 kwa ajili ya watu wa aina yetu hii hii. Kwaiyo sheria ipo, sera ipo, shirika lipo, lakini fundi akifika dirishani kuomba leseni anaulizwa unatengeneza magari? akisema natengeneza spea za magari inaandikwa gereji, basi, imeisha hiyo, na kuanzia siku hiyo kila ofisi inayosoma ile leseni inamuona mtu wa kubadilisha oili.

Najua kuna atakayeuliza magari ya zamani ni biashara gani ya kuisumbua serikali, si wanunue mapya. Naomba nimjibu kwa heshima. Land Rover ya kwanza imetoka Uingereza mwaka 1948, bodi wakatengeneza kwa alumini kwa sababu baada ya vita chuma kilikua cha mgao kule kwao, na ile bodi ndo inafanya mpaka leo tuzikute ziko hai huku Kigoma, kinachooza ni chesisi na vitu vya chuma vilivyofungwa kwenye ile alumini. Zile Series III zimetoka kuanzia 1971 mpaka 1985. Ile Defender iliyokuja kurithi ikasimamishwa pale Solihull tarehe 29 Januari 2016. Maana yake nini? Maana yake kila mwaka unaopita spea halisi inapungua duniani na bei yake inapanda, na mwenye gari huku hawezi kusubiri parseli kutoka Uingereza, alipie usafiri na ushuru, alafu ifike bushi sio yenyewe. Na magari haya hayajakaa kwenye maonyesho. Yanabeba maharage kutoka Buhigwe, yanapeleka wagonjwa kwenye vituo vya misheni, yanaingia vijiji vya Uvinza ambako gari dogo likienda masika linalala huko. Wapo pia wanaoyafufua kwa mapenzi tu, wanatoka Dar na Arusha kuja kununua gari lililokaa chini ya mwembe miaka na miaka, na hao ndo wanaolipa vizuri mana wanataka kitu kifanane na cha kwanza. Oktoba 2024 pale Arusha Land Rover zilikusanywa kutoka kila kona, nchi nzima ikaziangalia, viongozi wakafurahi na sisi tukafurahi. Zile gari zote zinatembelea bushi. Kuna mtu mahali fulani amezichonga, na ningependa siku moja hilo nalo litajwe jukwaani.

Tena nyie wenyewe mnajua thamani ya kitu cha zamani kuliko mtu yeyote. Angalieni meli yetu ya Liemba. Imejengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku, ikaletwa mpaka Dar, ikapanda reli mpaka huku mwisho wa reli, ikaunganishwa hapa hapa Kigoma na kuingia majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha wasiiache kwa adui. Ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Na serikali yetu imekubali kuikarabati kwa mabilioni badala ya kuiuza skrepa, jambo ambalo watu wa ziwa tumelipokea kwa moyo wote. Chombo cha umri ule kila bushi, kila valvu, kila pini ya bawaba inayoharibika lazima mtu aichonge, haiuzwi dukani popote. Mkarabati akishaondoka nani atakua anaichonga hapa Kigoma? Mtuandae sisi.

Sasa nieleze tunaumia wapi.

Malighafi kwanza. Bronzi na chuma kigumu cha kutengenezea pini tunanunua Dar, na muuzaji anauza fimbo nzima ya mita 6 wakati mimi kwa kazi iliyopo nahitaji kipande cha urefu wa kiganja. Kutoka Dar mpaka hapa kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Nikiagiza fimbo nzima hela yangu yote inalala stoo ikiwa chuma, nikiomba nikatiwe kipande nauziwa kwa bei ya kukomoana na silipati lile karatasi la kuonyesha ni chuma cha aina gani. Juu ya hapo kuna VAT. Tangu Julai 2023 anayelazimika kujisajili VAT ni mwenye mauzo ya kuanzia milioni 200 kwa mwaka, ilikua nafuu kwa wengi na nashukuru, lakini kwa mtengenezaji mdogo ina upande wa pili ambao sijasikia mtu akiusema: mimi sijasajiliwa, kwaiyo ile asilimia 18 niliyolipa kwenye bronzi hairudi, naibeba mwenyewe ndani ya bei. Kiwanda kikubwa kikinunua bronzi ile ile kinadai kodi yake. Alafu kodi ya makadirio inapigwa kwenye mauzo, haiangalii faida. Mtu wa kuuza huduma ya mikono anaweza asiisikie sana, ila mimi ambaye zaidi ya nusu ya bei ya pini ni chuma chenyewe natozwa kodi kwenye hela ambayo nilishampa muuzaji wa Dar. Hapa naomba watu wa Wizara ya Fedha nao wasome. Mtengenezaji mdogo aliyetambuliwa kama kiwanda apewe nafuu ya VAT kwenye fimbo na bati za malighafi, hata kama ni kwa kiasi maalum kwa mwaka ili watu wasiitumie vibaya.

Fundi anayekosa chuma cha dukani anarudi kwenye skrepa. Eksel ya lori la zamani ni chuma kizuri sana, wale walioitengeneza hawakufanya mchezo, ukiichonga inakupa pini ya kukaa miaka. Lakini eksel hizo zinanunuliwa kwa kilo na wenye magari ya skrepa, zinapelekwa kuyeyushwa ziwe nondo, na mimi siwezi kushindana na mtu anayebeba tani. Kingine ni hofu. Huku kwetu ukikutwa na kipande kinene cha chuma mtu wa kwanza anachowaza ni reli, umeng'oa wapi, na kweli wapo wanaohujumu reli na tunawalaani maana reli ndo uti wa mgongo wa mji huu. Kijana wangu mmoja aliwahi kuwekwa ndani usiku mzima kwa ajili ya shafti ya trekta niliyoinunua mnadani, mpaka nilipoleta risiti asubuhi. Tunachoomba ni rahisi na hakigharimu serikali chochote: Shirika la Reli na taasisi nyingine zikiuza vyuma chakavu kwa mnada, zitenge mafungu madogo kwa watengenezaji waliosajiliwa, kwa risiti yenye maelezo ya kipande, ili hata askari akitukamata njiani tuwe na cha kuonyesha.

La ubora nataka nilikalie kidogo kwa sababu hapo ndo tunasemwa vibaya. Watu wanasema spea ya kuchongesha haidumu. Zipo zisizodumu, ndio. Kuna mtu anachonga bushi kwa shaba ya mabomba iliyoyeyushwa kwenye mkaa, ndani ina vitundu vya hewa huvioni kwa macho, akiifunga inapasuka. Kuna anayechonga pini kwa nondo ya kujengea, laini, inapinda. Lakini kuna na zile za kwenye boksi zuri la rangi zinazotoka nje, mpira wake ukiubonyeza kwa ukucha unabaki na alama, na hizo zinapita bandarini zinaingia dukani zinauzwa kama halisi. Tofauti kati ya pini nzuri na mbaya ni aina ya chuma na namna kilivyochomwa na kupozwa baada ya kuchongwa. Mimi nachoma, napoza kwenye oili, najaribu kwa faili, faili likiteleza najua imekua ngumu. Ndivyo nilivyofundishwa na mzee wangu ambaye aliifanyia reli kazi ya vyuma maisha yake yote. Ila mteja wa Dar au wa taasisi anataka namba, anataka karatasi linalosema ugumu wa hii pini ni kiasi hiki. Kutuma vipande Dar kwa kila kazi ni nauli na muda ambao bei ya pini haibebi.

Mashine ya kupima ugumu wa chuma ni kitu kinachokaa juu ya meza. Iwekwe moja hapa Kigoma, SIDO au chuo cha ufundi cha VETA, nyie mtachagua, fundi aje na kipande chake alipie ada ndogo apewe karatasi. Upo utaratibu mzuri wa SIDO kumtambulisha mjasiriamali mdogo kwa TBS apate nembo ya ubora, na wenzetu wa asali, mawese na sabuni hapa Kigoma wanaujua. Sisi wa vyuma tunaomba tutengenezewe njia hiyo hiyo inayolingana na kazi yetu, mana mtu anayetengeneza bushi za gari hili leo na pini za gari lile kesho hawezi kusajili kila kipande kama bidhaa mpya. Mkague karakana, mkague malighafi, mkague vipimo, alafu mtu apewe kibali kinachobeba aina ya kazi anayofanya.

Pia kuna hili la bidhaa bandia, na linatutisha. Tume ya Ushindani inakamata bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 na kazi hiyo tunaiunga mkono. Lakini mafundi wengi wanaogopa hata kuweka bushi zao kwenye shelfu dukani kwa sababu wanaambiwa spea ambayo haina jina la kiwanda cha gari ni feki. Sio hivo. Feki ni kupiga chapa ya mtu mwingine. Mimi nikichonga bushi inayoingia kwenye Land Rover nikapiga alama yangu mwenyewe niliyoisajili BRELA (wakala wa usajili wa biashara), hiyo ni bidhaa halali ya Kigoma. Hataza, ile haki ya mvumbuzi ya kuzuia wengine wasimwige, nayo haiwezi kua kikwazo, mwisho wake ni miaka 20 na pini ya gari la 1971 ilishapita huko zamani sana. Naomba Tume itoe maelezo mafupi ya Kiswahili kuhusu hilo, ukurasa mmoja tu, tuubandike ukutani, hata mkaguzi akija tuusome pamoja.

Umeme nashukuru kwa dhati, tulikotoka tunakujua. Mpaka mwaka 2022 mkoa huu ulikua unaendeshwa kwa majenereta ya dizeli, kuingia gridi ya taifa ni jambo kubwa. Kilichobaki ni kuyumba. Nikiwa nakata meno ya bolti kwenye lethi umeme ukikatika katikati, kisu kinabaki kimezama kwenye chuma, ukirudi kuipata njia ile ile ya meno ni kazi na mara nyingi kile kipande unakitupa. Mitaa yenye karakana ipewe taarifa ya kukatwa mapema, hata kwa meseji.

Mikopo: ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa ni 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, ni jambo jema, ila fundi wa miaka 60 mwenye ujuzi wote kichwani hayumo. Benki nayo inataka hati ya nyumba, lethi haiitambui. Tunaomba mashine ikubalike kua dhamana kwenye mikopo ya SIDO na benki za serikali, lethi haina miguu, imefungwa kwa bolti kwenye zege.

Na vijana. Wanakuja, wanajifunza kupima, wakishajua kidogo wanahesabu kipato wanaona bodaboda inalipa leo hii hii, wanaondoka, na siwalaumu. VETA wana mpango wa kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini, anapimwa anapewa cheti. Mpango huo uje kwa wachongaji wa vyuma wa Kigoma, upimie kwenye karakana zetu. Kijana mwenye cheti anaweza kuomba kazi hata kwenye reli ya kisasa inayokuja mpaka huku, na akijua hivo atavumilia miaka miwili ya kujifunza.

Mwisho soko. Magari ya serikali yanatengenezwa TEMESA, na mengi ya mkoani ni ya siku nyingi. Spea ndogo ndogo, bushi, pini, nati, bawaba, zinunuliwe kwa watengenezaji wa mkoa wenye karatasi la kipimo. Manunuzi yote sasa yako kwenye NeST, ule mfumo wa mtandaoni wa zabuni za serikali, sawa, mtu wa SIDO atusaidie kujisajili humo kama watengenezaji. Alafu angalieni ng'ambo. Pale Kibirizi, bandari yetu ndogo ya ziwani, kila siku maboti yanaondoka kwenda Burundi na Kongo, Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007 na Kongo imeingia 2022, na Land Cruiser za zamani huko zimejaa. Wateja kutoka Uvira na Bujumbura wanakuja wenyewe kununua, wanaweka bushi kwenye begi la nguo kwa sababu hakuna aliyewaambia karatasi gani wabebe. Cheti cha asili cha bidhaa kilichorahisishwa kwa wafanyabiashara wadogo kipo kwenye Jumuiya. Spea zilizochongwa Kigoma ziingizwe kwenye utaratibu huo na maelezo yake yawekwe pale pale Kibirizi, mteja apande boti na mzigo wake mkononi.

Bajeti inasomwa Juni. Kabla ya hapo naomba Wizara itume watu waje waone karakana za Mwanga, Gungu na Ujiji, na mkija njooni siku moja, wa leseni, wa kodi, wa viwango na wa SIDO, mkae kwenye benchi moja, mana mambo haya yamefungamana na hakuna ofisi moja inayoweza kuyafungua peke yake. Tutazima mashine tuongee, na baadae tutawasha muone pini inavyochongwa. Sisi tuko kazini Jumatatu mpaka Jumamosi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mchongaji wa spea, Mwanga, Kigoma